Nahodha aliyekuwa bado chuoni: Cuthbert Ottaway na maana ya soka la ridhaa

Goli lilikuwa nguzo mbili na utepe. Hapakuwa na mtambaa panya wa mbao wala kimia cha kutikisika. Ilikuwa Jumamosi, Novemba 30, 1872, kwenye uwanja wa kriketi wa Hamilton Crescent huko Partick, pembeni mwa Glasgow. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu na nyasi zilikuwa zinavuta miguu. Watu wapatao 4,000 walikuwa wametoa shilingi moja moja kuingia. Waskoti walivaa fulana za bluu iliyokolea na kofia nyekundu za kitambaa, wageni wao kutoka England walivaa nyeupe. Kipindi cha kwanza Waskoti walidhani wamefunga, waamuzi wakakataa: mpira umepita juu ya utepe. Karibu na mwisho, shuti la Robert Leckie likaenda kutua juu ya utepe uleule. Mechi ikaisha bila goli.

Hiyo ndiyo mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza rasmi kati ya timu za mataifa duniani. Zilikuwapo nyingine kabla yake, zilizochezwa London kuanzia 1870, lakini timu ya Uskoti ya mechi hizo iliokotwa miongoni mwa waliokuwa wakiishi London na jirani zake, kwa hiyo hazikuingizwa kwenye vitabu.

Nahodha wa England siku hiyo alikuwa Cuthbert Ottaway. Alikuwa na miaka 22 na alikuwa mwanafunzi wa Brasenose, kimoja cha vyuo vinavyounda Chuo Kikuu cha Oxford. Hakuwahi kulipwa hata senti kucheza mpira, na kwa tabaka lake kulipwa kungekuwa aibu. Msomaji wa leo akisikia hayo hujiuliza mambo mawili: timu ya taifa ilikuwaje mikononi mwa mwanafunzi, na hiyo inayoitwa “ridhaa” ilikuwa kitu gani hasa? Maswali hayo yanajibika pamoja, ila lazima tuanze na mtu mwenyewe.

(Neno moja kwanza. Katika Kiswahili tunasema Uingereza kwa nchi nzima na pia kwa ile sehemu yake moja yenye London na Manchester. Hapa timu ya sehemu hiyo nitaiita England, kama watangazaji wetu wanavyofanya, maana Uskoti nayo imo ndani ya Uingereza na ndiyo iliyokuwa mpinzani.)

Ottaway alizaliwa Julai 19, 1850, huko Dover, mji wa bandari unaotazamana na Ufaransa. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake, James, alikuwa daktari wa upasuaji na aliwahi kuwa meya wa mji. Kijana alipata nafasi ya ufadhili Eton, shule ya bweni walikosoma watoto wa mabwana wa nchi, na kutoka huko akaenda Oxford. Kwa maana hiyo hakuwa mtoto wa lodi, bali mtoto wa daktari aliyepenya kwa akili zake. Lakini akishaingia, aliingia kwelikweli. Mwaka 1869 alifunga mikimbio 108 kwenye mechi ya kriketi ya Eton dhidi ya shule ya Harrow pale uwanja wa Lord's, London, mechi ambayo watu wakubwa wa London hawakukosa.

Chuoni aliiwakilisha Oxford dhidi ya Cambridge katika michezo mitano: soka, kriketi, riadha, raketi za ukutani, na ule tenisi wa zamani unaochezwa ndani ya jengo. Michezo mitano! Kwenye kriketi alicheza dhidi ya Cambridge miaka minne mfululizo, 1870 hadi 1873, na mwaka wa mwisho alikuwa nahodha. Mechi ya 1870 bado inasimuliwa na wapenzi wa kriketi: Ottaway alifunga mikimbio 69, Oxford wakabakiza mikimbio mitatu tu kushinda huku wana wapigaji watatu mkononi, halafu Frank Cobden wa Cambridge akawatoa wote watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Oxford wakafungwa kwa mikimbio miwili. Mwaka 1872, kabla ya ile mechi ya Glasgow, alivuka bahari na timu ya kriketi iliyokwenda Kanada na Marekani, na huko alifungua mipigo pamoja na W. G. Grace, mchezaji aliyejulikana kuliko wote enzi hizo. Kumbuka ziara hiyo, tutairudia kwa sababu nyingine.

Sasa, kwa nini vyuo vikuu?

Mpaka katikati ya karne ya 19, “mpira wa miguu” Uingereza halikuwa jina la mchezo mmoja. Kila shule ya bweni ilikuwa na wake. Eton walikuwa na sheria zao, Harrow zao, Winchester zao, na Rugby waliruhusu kuubeba mpira mikononi na kukimbia nao. Mvulana alikulia katika sheria za shule yake akiamini ndizo sheria za mpira. Akifika chuo kikuu, anakutana uwanjani na wenzake waliotoka shule nyingine, na kila mmoja anamshutumu mwenzake kwa kucheza rafu. Kwa hiyo chuo kikuu ndicho mahali ambapo tatizo lilijitokeza kwanza, na ndiko lilikotafutiwa dawa. Mwaka 1848 wanafunzi wa Cambridge walikaa wakaandika sheria za pamoja. Mwaka 1863 vilabu vya London na jirani vikakutana kwenye baa ya Freemasons' Tavern, Oktoba 26, vikaunda chama cha mpira cha FA, na mawazo ya Cambridge yakasaidia kuamua ugomvi mkubwa: je, iruhusiwe kukimbia na mpira mkononi na kumpiga mtu mateke ya muundi? Waliotaka iruhusiwe, wakiongozwa na klabu ya Blackheath, walijitoa. Huko ndiko raga ilikojitenga na soka.

Hata neno “soka” limetoka kwao. Vijana wa Oxford walikuwa na mtindo wa kukata maneno na kuyatia mkia wa -er. Mpira wa Rugby wakauita “rugger”. Mpira wa chama, yaani “association”, wakaukata katikati na kuupa mkia uleule, ikawa “soccer”. Sisi tukalipokea, tukalifanyia matamshi yetu, na leo linatamkwa Kigoma na Lamu na watu ambao hawajawahi kuisikia Brasenose. Na si neno tu lililovuka. Mwaka 1857 David Livingstone alihutubia Cambridge akiwataka vijana wa vyuo waje Afrika, na kutokana na mwito huo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo ilihamia Unguja mwaka 1864. Shule yake ya Kiungani ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa kandanda kuchezwa katika mwambao wetu. Mwaka uleule wa 1873 ambao soko la watumwa la Unguja lilifungwa, Ottaway alikuwa Oxford akiiongoza timu ya kriketi. Ni watu wa dunia moja, waliolelewa katika madarasa na viwanja vilevile.

Turudi Glasgow, maana mchezo wenyewe unahitaji kufafanuliwa. Ukiangalia upangaji wa timu siku ile utashangaa. England walipanga washambuliaji wanane hivi, na Waskoti sita. Si kwamba hawakujua kupanga. Chanzo ni sheria ya kuotea. Sheria za 1863 zilisema mchezaji yeyote aliye mbele ya mpira ameotea. Kwa maneno mengine, huwezi kumpa pasi mtu wa mbele. Unafanyaje? Unaukokota mpira mwenyewe, unapiga chenga mpaka unapokonywa, na wenzako wanakimbia nyuma yako kundi zima, tayari kuudaka ukikuponyoka. Mwaka 1866 sheria ililegezwa: huotei ikiwa kuna wapinzani watatu kati yako na goli. Pasi ya mbele ikawa halali. Lakini mazoea hayafutwi kwa kalamu. Wachezaji wa shule za bweni waliendelea kuamini kuwa mwanamume hasa ni yule anayekokota, na Ottaway alisifiwa hasa kwa kasi yake na chenga zake.

Waskoti walikuwa wadogo wa miili na wepesi, lakini wote kumi na mmoja walitoka klabu moja, Queen's Park. Walizoeana. Walipeana pasi. England walitoka vilabu mbalimbali na baadhi hawakuwa wakifahamiana kabisa. Mmoja wao, Charles Clegg wa Sheffield, ambaye baadaye alikuja kuwa mkuu wa FA kwa miaka mingi, hakuifurahia mechi ile, na alikumbuka kuwa baadhi ya wenzake wa kusini walikuwa na majivuno mno hata kumpa mpira walikuwa hawataki. Nimelisoma hilo mara nyingi na kila mara linanigusa. Sheria inaruhusu pasi, mwenzako yuko wazi, fulana ni moja, na bado humpi mpira kwa sababu hakusoma ulikosoma. Ugonjwa wa soka la ridhaa ulionekana siku ya kwanza.

Na unahodha? Haukuwa wa Ottaway mwanzoni. Charles Alcock, katibu wa FA na mtu aliyebuni Kombe la FA mwaka 1871, ndiye aliyekuwa aongoze. Akaumia kabla ya mechi, akasimama kama mwamuzi, na kitambaa kikaenda kwa kijana wa Oxford. Nasema kitambaa kwa mazoea tu. Nahodha wa enzi hizo alikuwa na mamlaka kuliko kitambaa chochote. Hapakuwa na kocha wala benchi la ufundi, na mchezaji wa akiba hakuwapo. Nahodha ndiye aliyepanga watu na kuwabadilisha nafasi mchezo ukiendelea. Katika mechi ile hata kipa wa England, Robert Barker, alitoka golini akaenda kushambulia, na William Maynard akaingia kudaka. Kazi kama hiyo apewe nani? Apewe mtu aliyezoea kuongoza wenzake uwanjani wiki hadi wiki, na watu hao walipatikana vyuoni na katika vilabu vya waliomaliza shule zilezile.

Oxford wenyewe walikuwa moja ya timu kubwa nchini. Machi 29, 1873, walicheza fainali ya Kombe la FA dhidi ya Wanderers pale Lillie Bridge, London. Mechi ilianza asubuhi ili watu wawahi mashindano ya mitumbwi ya Oxford na Cambridge mtoni Thames, jambo linaloonyesha fainali ya kombe ilikuwa na uzito gani wakati huo. Wakiwa nyuma kwa goli moja, Oxford walimtoa kipa wao, Andrew Leach, aende mbele kuongeza nguvu, wakaacha goli wazi. Wakafungwa la pili.

Machi ya 1874 ndiyo kilele cha maisha yake. Machi 7 aliiongoza England tena huko Glasgow, wakafungwa 2-1. Siku saba baadaye, Machi 14, alikuwa uwanja wa Oval, London, nahodha wa Oxford katika fainali ya Kombe la FA dhidi ya Royal Engineers, timu ya maofisa wa jeshi waliokuwa wakisifika kwa kucheza kitimu. Dakika ya kumi Charles Mackarness akafunga, dakika ya ishirini Frederick Patton akaongeza, na ikabaki 2-0. Chuo kikuu kikawa bingwa wa nchi. Kabla ya mwezi kwisha, hapohapo Oval, Oxford waliwafunga Cambridge 1-0 katika mechi ya kwanza kabisa ya soka kati ya vyuo hivyo viwili.

Hapo ndipo neno “ridhaa” linapohitaji kufunguliwa.

Kwa Kiswahili, ridhaa ni hiari ya moyo. Tunaposema ndondi za ridhaa au soka la ridhaa, picha inayokuja ni ya mtu anayecheza kwa mapenzi. Kiingereza nacho kinatumia neno lililotokana na kupenda. Ukisikiliza maneno hayo utadhani tofauti ya wachezaji wa wakati huo ilikuwa ya moyo: huyu anapenda mchezo, yule anapenda fedha. Lakini ukitazama jinsi kanuni zilivyoandikwa, utaona jambo jingine. Mwaka 1879 wasimamizi wa mashindano ya makasia ya Henley waliandika nani anahesabiwa kuwa mtu wa ridhaa, na wakamtoa kwa kazi yake mtu yeyote aliye fundi, msanii wa kazi za mikono au kibarua. Hata kama hajawahi kulipwa senti kupiga kasia! Kazi yake ya mikono ilitosha kumtoa. Soka haikuandika kanuni kali kiasi hicho, lakini ilikulia katika nyumba moja na makasia.

Fikiria hesabu ya kawaida. Ottaway aliweza kuwa Amerika Kaskazini kwa kriketi msimu wa kiangazi, Glasgow mwezi Novemba, na Oval mwezi Machi, kwa sababu hakuna siku hata moja ambayo mshahara wake ulikatwa. Mfumaji wa kiwanda cha pamba Lancashire, kaskazini mwa England, alikuwa huru Jumamosi mchana tu. Timu yake ikipangwa kucheza mbali, lazima aondoke mapema, na akiondoka mapema halipwi. Akivunjika mguu, nyumba nzima inalala njaa. Kumwambia mtu huyo “cheza kwa mapenzi, bila malipo” ni sawa na kumwambia asicheze. Vilabu vya kaskazini vilianza kwa kufidia siku za kazi zilizopotea, kisha vikaanza kuwatafutia wachezaji kazi za kuzugia, kisha vikalipa kwa siri.

Machi 31, 1883, pale Oval, Old Etonians, timu ya watu waliosoma alikosoma Ottaway, walikutana katika fainali na Blackburn Olympic ya hukohuko Lancashire: wafumaji, mafundi na wafanyakazi wa viwanda. Kabla ya mechi, mwenye kiwanda cha chuma cha kwao aliwalipia siku kadhaa za kufanya mazoezi pwani ya Blackpool. Waungwana wa London walilalamika: mtu wa ridhaa gani anakwenda kambini? Leo timu ya kata inakwenda kambini. Olympic walishinda 2-1 katika muda wa nyongeza, goli la ushindi likifungwa na James Costley, kijana wa kiwanda cha nyuzi, na tangu siku ile hakuna tena timu ya waungwana iliyolitwaa kombe hilo. Mwaka uliofuata Preston North End walishtakiwa na Upton Park ya London kwamba wanalipa wachezaji. Kiongozi wa Preston, William Sudell, hakukana. Vilabu vya kaskazini vikatishia kujitenga, na Julai 1885 FA ikahalalisha malipo.

Nasema haya bila kumkosea heshima Ottaway. Kila ninachokijua juu yake kinaonyesha mtu aliyeupenda mpira kweli, na kuupenda si kosa. Ninachokataa ni hadithi inayorudiwa mpaka leo, kwamba zamani watu walicheza kwa moyo halafu fedha ikaja ikaharibu. Fedha ilikuwapo tangu mwanzo. Ilikuwa mifukoni mwa wachezaji, ndiyo maana haikuonekana uwanjani.

Ottaway hakuyaona hayo ya 1883. Machi 13, 1875, alicheza fainali yake ya tatu mfululizo, safari hii na Old Etonians dhidi ya Royal Engineers walewale. Kipindi cha kwanza akaumia na kutoka, na kwa kuwa hakuna mchezaji wa akiba wenzake wakabaki kumi. Walitoka 1-1, mechi ikarudiwa siku tatu baadaye bila yeye, na Engineers wakashinda 2-0. Baada ya hapo alielekeza nguvu kwenye sheria, akawa wakili London. Mtu wa ridhaa lazima awe na kitu kingine cha kuishi nacho, na soka kwake lilikuwa sehemu ya ujana iliyokuwa ikifika mwisho.

Ile ziara ya 1872 ilikuwa imempitisha Hamilton, mji wa Ontario nchini Kanada. Mwaka 1877 alifunga ndoa na msichana wa mji huo, Marion Stinson, na wakaishi London. Ndoa haikutimiza mwaka. Usiku mmoja wa masika ya 1878 alikwenda dansi, akacheza mpaka usiku mwingi, akapigwa na baridi wakati wa kurudi. Kifua kikambana. Mwanariadha wa michezo mitano, mwenye mapafu ya kukimbia uwanja mzima na mpira mguuni, akalazwa na ugonjwa ambao leo dawa ya siku chache ingeweza kuutibu. Penisilini iligunduliwa miaka hamsini baadaye. Alifariki Aprili 2, 1878, akiwa na miaka 27. Marion alikuwa mjamzito. Mtoto, Lilian, alizaliwa baba yake akiwa amekwishazikwa.

Alizikwa kwenye makaburi ya zamani ya Paddington, kaskazini-magharibi mwa London. Jiwe la kaburi likachakaa na watu wakasahau aliyelala pale, mpaka wapenzi wa historia ya soka walipolitafuta, na mwaka 2013, FA ilipokuwa ikitimiza miaka 150, likawekwa jiwe jipya. Mtambaa panya wa mbao ulifanywa wa lazima mwaka 1882. Katika mechi zake zote mbili za England, Ottaway alishambulia goli la utepe.